Kazadi Mwamba, golikipa wa Englebert aliyebakia kukumbukwa kwa dakika 21

Mukitaja jina la Kazadi Mwamba mbele ya wazee wanaopenda mpira, wengi watajibu na hesabu moja tu: tisa kwa sifuri. Ni ile mechi ya tarehe 18 Juni 1974, kule Gelsenkirchen, Ujerumani Magharibi, ambapo Yugoslavia iliifunga Zaire magoli tisa kwenye Kombe la Dunia. Hata watu ambao walizaliwa miaka mingi nyuma ya mechi ile wanaijua, juu televisheni za Ulaya zinairudisha kila mara Kombe la Dunia linapokaribia, na wanacheka.

Kuna jambo moja ambalo hesabu ile inaficha. Kati ya magoli tisa, Kazadi alifungwa matatu. Mengine sita yaliingia yeye akiwa amekaa kwenye benchi, ameshavuliwa kazi. Alitolewa dakika ya 21. Hakuwa ameumia, hakuwa amepewa kadi, na kocha aliyemtoa alikuwa yeye mwenyewe golikipa wa zamani ambaye alijua vizuri maana ya kumtoa mtu golini mbele ya ulimwengu mzima.

Vijana wa leo hapa Kanyaruchinya, Munigi na Goma wanamjua Robert Kidiaba, yule wa kuruka na makalio kila Mazembe ikifunga goli. Huyo hahitaji kuelezwa. Lakini kabla ya Kidiaba kulikuwa Robert mwingine katika ekipe ileile, na kazi yake haikuanza Ujerumani. Ilianza Lubumbashi, katika misimu ambayo hakuna ekipe nyingine ya Afrika ilikuwa imeifanya mbele yake.

Kazadi alizaliwa tarehe 6 Machi 1947, wakati Wabelgiji walikuwa bado wanatawala. Uhuru ulipofika Juni 1960 alikuwa na miaka 13. Siku kumi na moja tu baadaye Katanga ikatangaza kujitenga, na vita vya jimbo lile vilidumu mpaka Januari 1963. Kwa hiyo kizazi chake cha wachezaji kiliingia ujana katika nchi ambayo ilikuwa inapasuka. Mpira ulikuwa moja ya vitu vichache vilivyoendelea, hata kama si kila wiki.

Ekipe aliyokuja kuichezea ilikuwa na historia yake tayari. Ilianzishwa mwaka 1939 na wamonaki Wabenedikto waliokuwa wanaendesha shule ya Saint-Boniface kule Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Waliiita Saint-Georges. Ikabadilisha jina mara kadhaa, mpaka ikachukua lile la Englebert, kampuni ya Wabelgiji ya matairi ambayo ilikuwa inaisaidia. Ndiyo, matairi ya gari. Ile ekipe kubwa kuliko zote za nchi yetu ilitembea miaka mingi na jina la gurudumu mgongoni.

Msimu uliogeuza kila kitu ni ule wa 1966. Englebert ilichukua vikombe vitatu: ubingwa wa nchi, Kombe la Kongo na Kombe la Katanga. Na ni kwa kumaliza shampiona bila kufungwa mechi hata moja njo ilipata lile neno la mbele, Tout Puissant, yaani Mwenye Nguvu Zote. Zile herufi mbili TP ambazo watu wanazitamka leo bila kufikiri zinatoka hapo. Mwaka uleule Mobutu, aliyekuwa amechukua utawala Novemba 1965, alibadilisha majina ya miji: Léopoldville ikawa Kinshasa, Élisabethville ikawa Lubumbashi, Stanleyville ikawa Kisangani. Kazadi alikuwa kijana wa miaka 19. Ndani ya kundi lile la kina Kalala, Bwanga Tshimen na wengine, ndimo alimokomaa.

Kombe la Afrika la ekipe bingwa lilikuwa bado changa. Oryx ya Douala ililibeba kwanza, 1965, halafu Stade ya Abidjan, 1966. Mwaka 1967 Englebert ikafika fainali, na mbele yake ikakuta Asante Kotoko ya Kumasi, Ghana. Wakati ule Ghana njo ilikuwa shule ya mpira wa Afrika: taifa lao lilikuwa limechukua Kombe la Afrika mara mbili mfululizo, 1963 na 1965. Hapana mtu aliyewapa Wakongo nafasi kubwa.

Mechi ya kwanza Kumasi ilikuwa 1-1. Ya pili, Kinshasa, ikawa 2-2. Jumla tatu kwa tatu. Sheria ya goli la ugenini haikuwa inatumika namna tunavyoijua, na penalti za kumaliza mechi zilikuwa hazijaingia katika mpira bado. Ikapendekezwa kura ya bahati. Kotoko wakakataa. CAF ikaamua warudie, safari hii Yaoundé, nchini Kameruni, mwisho wa Desemba. Englebert wakaenda. Kotoko hawakuonekana. Inaelezwa kwamba shirikisho la Ghana lilipata taarifa ya mechi na halikuifikisha kwa ekipe yao. Kombe likapewa Englebert kwa njia hiyo.

Kuna watu ambao mpaka leo wanasema kombe lile lilikuwa la bure. Mimi sikubaliani. Ekipe iliyotoka sare Kumasi, ikatoka sare tena nyumbani, halafu ikapanda ndege kwenda kucheza mechi ya tatu, haikupewa kitu cha bure. Na kama kulikuwa na shaka, mwaka uliofuata uliijibu.

Januari 1968, Kongo-Kinshasa ilienda Addis Ababa kwa Kombe la Afrika la mataifa. Katika kundi ilifungwa na Ghana 2-1. Ikaendelea hata hivyo, ikawatoa wenyeji Ethiopia 3-2 katika nusu fainali iliyoingia muda wa nyongeza, na fainalini ikakutana tena na Ghana. Goli la Kalala katika kipindi cha pili likamaliza habari. Moja kwa sifuri. Kwa golikipa, hakuna hesabu tamu kuliko ile: mwenzako anafunga moja, wewe unafunga mlango, munaenda nyumbani na kombe. Ilikuwa mara ya kwanza nchi yetu kulichukua.

Kombe la ekipe la 1968 lilikuja na fainali ya ajabu. Safari hii mpinzani ni Étoile Filante ya Lomé, Togo. Kinshasa, Englebert iliwapiga 5-0. Mtu angesema imekwisha. Lakini kule Lomé Watogo walifunga manne, Englebert moja. Jumla 6-4. Mukiwahi kukaa golini mutaelewa mechi ya namna ile: huna ruhusa ya kuhesabu, unajua tu kwamba goli moja tena na moja tena litaamsha uwanja wote. Englebert ilishikilia, na ikawa ekipe ya kwanza kubeba Kombe la Afrika mara mbili mfululizo.

Ya tatu haikupatikana, na namna ilivyokosekana inatugusa sisi wa hapa zaidi kuliko wengine. Fainali ya 1969 ilikuwa dhidi ya Ismaily ya Misri. Mji wao, Ismailia, uko kando ya Mfereji wa Suez. Nyuma ya vita vya Juni 1967 na Israeli, mfereji ule ulikuwa mstari wa mapigano, mabomu yanaanguka, na wakaaji wakahamishwa. Shampiona ya Misri ilisimamishwa. Ismaily ilikuwa ekipe ya wakimbizi wa ndani, ekipe isiyokuwa na nyumbani, inayocheza katika miji ya watu wengine. Kinshasa walitoka 2-2. Mechi ya pili, Januari 1970, ilichezwa Cairo kwa sababu Ismailia haikuwezekana, na uwanja ukajaa mpaka juu. Ismaily ikashinda 3-1 na kuwa ekipe ya kwanza ya Misri kuchukua kombe lile. Hapa Kanyaruchinya, ambako watu wamelala chini ya bashi mwaka baada ya mwaka, 2012 na tena kuanzia 2022, hatuhitaji kueleza sana kwa nini watu wa Ismailia walilia siku ile. Nafikiri Kazadi na wenzake walifungwa na kitu zaidi ya miguu.

Halafu ikaja 1970, fainali ya nne mfululizo. Mpinzani tena Kotoko, ambao walikuwa na deni la Yaoundé moyoni. Kumasi 1-1. Kinshasa, Januari 1971, Kotoko wakashinda 2-1 mbele ya watu wetu. Golini kwa Waghana alisimama Robert Mensah, yule wa kofia kichwani, mmoja wa makipa waliopendwa zaidi Afrika ya Magharibi. Wakati Kotoko wako mbele, Englebert walipata penalti, na ikakoswa. Waghana bado wanasimulia penalti ile kama hadithi ya watoto. Mensah hakuishi sana nyuma yake. Novemba 1971 alichomwa na chupa katika ugomvi wa baa kule Tema, akafa. Kwa hiyo Robert wa Kotoko alikufa akiwa shujaa, kijana, hakuna anayemkumbuka kwa ubaya. Robert wa Englebert aliendelea kuishi na kucheza, na bahati mbaya yake ilikuwa bado mbele.

Kabla hatujafika huko, tuseme kidogo juu ya kazi yenyewe ya gardien, kama tunavyosema hapa kwetu. Watoto wanapogawana ekipe kwenye kiwanja cha mawe meusi ya volkano, hakuna anayejitolea kukaa golini. Anawekwa yule mdogo, au yule ambaye mguu wake ni mzito, au yule aliyekuja wa mwisho. Na juu ya mawe yale ya Nyiragongo, kuruka ni kuchubuka kutoka kiwiko mpaka kiuno. Mshambuliaji akikosa mara kumi na kufunga mara moja, anabebwa. Gardien akidaka mara kumi na kukosa mara moja, anaulizwa ile moja. Mambo haya hayabadiliki, iwe Kanyaruchinya, iwe Gelsenkirchen.

Oktoba 1971 nchi ikawa Zaire. Mwaka uliofuata ikaja siasa ya kurudi kwenye uhalisi wa Kiafrika, na majina ya Kikristo yakakatazwa. Robert Kazadi akabaki Kazadi Mwamba. Lile jina la matairi la Englebert nalo likatoka, ekipe ikawa Mazembe. Ndiyo maana katika vitabu vya mpira mtu yule yule anaonekana kama watu wawili: Robert wa Englebert mwenye vikombe, na Mwamba wa Zaire mwenye kufungwa. Mimi nilichukua muda kuelewa kwamba ni mmoja.

Mwaka 1973 ulikuwa wake. Gazeti la Ufaransa, France Football, lilikuwa linatoa Ballon d'Or ya Afrika, na mwaka ule wa kwanza alikuwa Bwanga Tshimen, beki wa Mazembe. Wa pili alikuwa Kazadi. Wachezaji wawili bora wa bara zima walikuwa wa ekipe moja ya Lubumbashi, na wote wawili kazi yao ilikuwa kuzuia, si kufunga. Mwaka uleule AS Vita Club ya Kinshasa ikachukua Kombe la Afrika la ekipe kwa kuwageuza Kotoko: kufungwa 4-2 Kumasi, kushinda 3-0 Kinshasa. Mpira wa Zaire ulikuwa juu kabisa. Na Desemba 1973, kule Kinshasa, Zaire iliipiga Moroko 3-0 na kufungua mlango wa Kombe la Dunia. Wamoroko walilalamika juu ya mwamuzi, wakakataa mechi ya kurudiana. Nchi ya kwanza ya Afrika ya kusini mwa Sahara kufika huko ikawa yetu.

Kocha alikuwa Blagoje Vidinić, raia wa Yugoslavia. Aliwahi kulinda lango la nchi yake na kupata medali ya fedha ya Olimpiki 1956 na ya dhahabu 1960, halafu akaifundisha Moroko katika Kombe la Dunia la 1970. Machi 1974 aliipeleka Zaire Misri kwa Kombe la Afrika. Ndaye Mulamba alifunga magoli tisa, rekodi ambayo haijavunjwa. Nusu fainali, mbele ya Wamisri wenyewe, Zaire ilikuwa chini 2-0 na ikamaliza 3-2. Fainali na Zambia ilikwisha 2-2 nyuma ya muda wa nyongeza, goli la Wazambia likiingia dakika ya mwisho kabisa, na ikabidi mechi irudiwe siku mbili baadaye. Mbili kwa sifuri, yote ya Ndaye. Magazeti yaliandika Ndaye, na ni haki. Lakini sifuri ile ya mechi ya pili ina mwenyewe.

Basi muone hesabu ya Kazadi siku anayopanda ndege kwenda Ujerumani, akiwa na miaka 27: Kombe la Afrika la mataifa mara mbili, Kombe la Afrika la ekipe mara mbili, na nafasi ya pili ya Ballon d'Or. Hapo tuseme kweli, golikipa wa Afrika mwenye vikombe kama vile wakati ule ni nani mwingine?

Serikali ya Mobutu iliwapa wachezaji nyumba na magari ya Volkswagen, na ikawaahidi pesa zaidi. Mechi ya kwanza ilikuwa Dortmund, tarehe 14 Juni, na Scotland. Watu wa Ulaya walitarajia mvua ya magoli. Scotland walifunga mawili katika kipindi cha kwanza, Lorimer dakika ya 26 na Jordan dakika ya 34. Lile la Jordan Kazadi angeweza kulizuia, tusimfiche. Lakini kipindi chote cha pili Scotland hawakupata kitu. Mbili kwa sifuri. Wakati ule Wascotland walijiona wameshinda bila jasho. Siku chache baadaye walijuta kwamba hawakufunga zaidi.

Kati ya mechi ya kwanza na ya pili njo mambo yaliharibika. Wachezaji walijua kwamba prime walizoahidiwa hazitakuja. Pesa zilikuwa zimepita katika mikono ya wakubwa waliokuja na ekipe, na hazikutoka upande wa pili. Mwepu Ilunga, beki wa Mazembe na mwenzake wa Kazadi wa siku zote, alieleza miaka mingi baadaye kwamba walitaka kukataa kucheza. Wakashawishiwa, wakaingia uwanjani. Lakini kuingia uwanjani na kucheza ni vitu viwili. Msomaji ambaye amewahi kufanya kazi miezi bila mshahara, na hapa kwetu si mmoja wala wawili, anajua mwili unavyokuwa.

Yugoslavia ilifunga dakika ya 8, Bajević. Dakika ya 14, Džajić kwa mpira wa adhabu. Dakika ya 18, Šurjak. Tatu kwa sifuri, na mechi haijafika nusu saa. Dakika ya 21 ubao ukapanda. Watu walidhani kocha anaongeza beki. Kumbe ni Kazadi anaitwa nje, na anayeingia ni Tubilandu Dimbi wa Vita Club, kijana mfupi ambaye hakuwa amecheza dakika hata moja katika kombe lile. Wakati ule ekipe iliruhusiwa kubadilisha wachezaji wawili tu katika mechi nzima. Zaire ilitumia mmoja kumtoa golikipa mzima.

Kazi ya kwanza ya Tubilandu ilikuwa kuokota mpira ndani ya nyavu, maana dakika ya 22 Katalinski alifunga la nne. Wachezaji wetu wakamzunguka mwamuzi, Omar Delgado wa Kolombia. Mmoja akampiga teke. Aliyepiga alikuwa Mwepu. Aliyepewa kadi nyekundu alikuwa Ndaye Mulamba, mfungaji wetu, aliyekuwa hajagusa mtu. Zaire ikabaki na watu kumi na golikipa baridi, ikiwa na saa moja na zaidi ya kucheza. Sita kwa sifuri wakati wa mapumziko. Tisa mwisho.

Nani alimtoa Kazadi? Kwa muda mrefu watu walisema ni Vidinić, na palitembea maneno mabaya kwamba kocha aliiuza mechi kwa nchi yake. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba amri ilitoka kwa mwakilishi wa wizara ya michezo aliyekuwa karibu na benchi, na kwamba hakuweza kukataa. Kila mtu anaweza kuchagua wa kumwamini. Mimi naona hivi: golikipa wa Olimpiki anajua kwamba mtu hamutoi kipa wake mkubwa dakika ya 21 na kumtupa ndani kijana ambaye hajapasha hata misuli moto. Mtu wa ofisi hajui. Uamuzi ule una harufu ya ofisi.

Na kuna jambo jingine. Siku nne baadaye, kwa mechi ya Brazil, Kazadi alirudishwa golini. Kama kweli kocha angekuwa hamwamini tena, angemrudisha mbele ya mabingwa wa dunia?

Kati ya mechi hizo mbili Mobutu alikuwa amekasirika. Kwa maelezo ya Mwepu, walinzi wa rais walifika hotelini, wakafunga milango kwa waandishi wa habari, na wakawaambia wachezaji kwamba wakifungwa na Brazil magoli manne au zaidi, wasifikirie kurudi nyumbani. Wachezaji walikuwa na wake na watoto Zaire. Mechi ya tarehe 22 Juni, Gelsenkirchen tena, haikuwa mpira kwao.

Brazil nao walikuwa na hesabu yao. Walikuwa wametoka sare na Yugoslavia na Scotland, bila goli. Ili kuwapita Scotland ilibidi waifunge Zaire kwa tofauti ya magoli matatu. Jairzinho alifunga dakika ya 12. Halafu hakuna kitu, mpaka Rivellino dakika ya 66. Kazadi alikuwa amesimama vizuri mchana mzima. Dakika ya 79 Valdomiro akapiga kutoka upande wa kulia, shuti la kawaida, la chini, kwenye mlingoti wa karibu. Kazadi akaanguka juu yake, na mpira ukapita chini ya mwili wake. Tatu kwa sifuri.

Goli lile moja liliitoa Scotland katika Kombe la Dunia bila kufungwa mechi yoyote, na Wascotland wa umri ule bado wanalijua. Kwa Wazaire lilikuwa na maana nyingine: limebaki moja tu, na dakika kumi na moja. Ni katika mechi ileile kwamba Brazil walipata mpira wa adhabu karibu na lango, na Mwepu akatoka mbio kwenye ukuta wa mabeki na kuupiga mbali kabla Mbrazil hajaugusa. Ulimwengu ulicheka, watangazaji wakasema Waafrika hawajui sheria. Mwepu alikuwa bingwa wa Afrika mara kadhaa, sheria alizijua. Alikuwa anapoteza muda, na ana hasira. Nyuma yake, golini, alikuwa Kazadi. Goli la nne halikuingia.

Basi tufanye hesabu yote ya Ujerumani. Zaire ilifungwa magoli 14. Kazadi alisimama golini dakika 201, akafungwa 8, moja au mawili kwa kosa lake. Tubilandu alisimama dakika 69, akafungwa 6, na hayo hakuna mtu mwenye haki ya kumdai yeye.

Waliporudi hapakuwa na sherehe. Mobutu alikuwa ameshageuza macho yake upande mwingine: tarehe 30 Oktoba 1974 Muhammad Ali na George Foreman walipigana Kinshasa, katika uwanja wa 20 Mai, na pesa zilizokuwa zinaenda kwenye mpira zikaenda kwenye ngumi. Kwa Kombe la Dunia la 1978 Zaire ilijiondoa. Mazembe ilikuja kuchukua Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1980, lakini lilikuwa kundi jipya. Wale wa 1974 walitawanyika, wengi katika umaskini. Kazadi alifariki katika miaka ya 1990, wakati Zaire yenyewe ilikuwa inakaribia mwisho wake au imeshakwisha, na mishahara, viwanja na shampiona vyote viko chini. Habari za kifo chake hazikujaza magazeti.

Mazembe ilingoja mpaka 2009 kuchukua tena Kombe la Afrika la ekipe bingwa, na 2010 ikalichukua mara ya pili mfululizo, na Kidiaba golini. Wengi waliandika kwamba ni jambo jipya kwa Lubumbashi. Halikuwa jipya. Englebert ilikuwa imelifanya 1967 na 1968, na kwa miaka 36 hakuna ekipe nyingine Afrika iliyoweza kulirudia, mpaka Enyimba ya Nigeria mwaka 2004. Kazadi hakuwepo tena.